Mama Ingia Pole

Askari wa Uganda walikipa kijumba cha bati cha makambini jina la Kiswahili: "mama ingia pole". Ni kijumba cha duara chenye paa la pia, urithi wa enzi za Mwingereza, ambacho pengine kingemfaa askari kapera aliye leo hapa na kesho kule. Adhuhuri bati huwaka kama kikaango; alfajiri hutiririka maji ya baridi. Humo wamelelewa watoto wanne, watano, wakitengwa na wazazi wao kwa shuka iliyoning'inizwa kambani. Shuka huzuia jicho lakini haizuii sikio, na mzazi mwenye kijana aliyebaleghe hahitaji kuelezwa zaidi.

Huko Naguru, Kampala, majengo ya ghorofa kwa ajili ya polisi yamekwisha kuinuka, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Nchini Kenya serikali ilichukua njia nyingine mwaka 2018, ikaamua askari polisi walipwe posho ya nyumba na kupanga miongoni mwa raia. Kila njia ina uzito wake. Ghorofa huchukua miaka kukamilika, na posho hushindana na kodi za mjini.

Hata hivyo, lililo zito kuliko bati ni hili: nyumba ya kambi hufuata kazi ya askari. Siku anapostaafu au kufariki, chumba chatakiwa na askari mwenziwe, ambaye naye amekuwa akingoja pamoja na jamaa zake. Kumpa huyo anayengoja si dhuluma. Dhuluma ni kumhesabia mjane siku kabla matanga hayajaisha. Yawapasa wakuu wa makambi wamwachie muda watoto wamalize muhula wa shule, na kuhakikisha kwamba malipo ya marehemu yamefika mkononi mwake kabla hajaambiwa afunge mizigo. Hakuna mwenye nyumba apokeaye ahadi badala ya kodi.

Sheria ya Urithi ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, yamhifadhia mjane na watoto nyumba waliyokuwa wakikaa na marehemu, na kuwafukuza humo ni kosa la jinai. Lakini hiyo ni nyumba iliyokuwa mali ya marehemu. Chumba cha kambi ni mali ya serikali. Kwa hiyo mjane wa kambini hulindwa na sheria hiyo iwapo tu mumewe aliacha makao mahali pengine.

Ndiyo sababu kiwanja kidogo kijijini, kilichonunuliwa askari angali kazini, chapita redio kubwa na pikipiki. Vyama vya akiba na mikopo vya majeshi vipo kwa haja kama hiyo. Mume asinunue kwa siri, kwani kiwanja kisichojulikana na mke hujulikana upesi na shemeji. Jina la mke liandikwe katika hati pamoja na la mume. Tena, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 yakataza kuuza ardhi ambayo jamaa huishi juu yake bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya kiwanja viwekwe katika bahasha moja, na nakala zake zikae kwa mtu mwaminifu nje ya kambi.