Switch 2 au ile ya zamani? Hesabu ianzie nyumbani

Tangu kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoanza kuuza Switch 2, tarehe 5 Juni 2025, vijana wanaopenda michezo ya video wanajiuliza kama inafaa kuacha Switch ya kwanza na kuchukua hii mpya. Swali hilo limefika pia mashariki mwa Congo. Huku, mashini za namna hii mara nyingi hutoka kwa ndugu walioko Ubelgiji, Kanada au Marekani. Kijana anatuma ujumbe kwa mjomba, mjomba anaanza kuhesabu dola, na wazazi wanabaki katikati.

Wanaoisifu mashini mpya hawasemi uongo. Kioo chake kina inchi 7.9, wakati kile cha Switch ya mwaka 2017 kilikuwa na inchi 6.2. Nafasi ya kuhifadhi michezo imepanda kutoka gigabaiti 32 hadi 256. Michezo mingi ya zamani inachezeka ndani yake, lakini mipya kama Mario Kart World haiingii katika ile ya zamani.

Tatizo linaanzia kwenye bei. Switch ya kwanza ilitoka kwa dola 299.99 huko Marekani. Hii mpya ilitoka kwa dola 449.99. Mario Kart World peke yake ilipangiwa dola 79.99. Zaidi ya hayo, kadi za kumbukumbu za kawaida ambazo kijana alikuwa akizitumia haziwezi kubeba michezo ya Switch 2. Inadai aina nyingine, ya kasi kubwa na ya bei kubwa. Mwenye kutaja bei ya mashini tu bado hajataja gharama yote.

Halafu kuna umeme. Kwa maelezo ya Nintendo yenyewe, betri ya Switch 2 inadumu kati ya saa 2 na saa 6 na nusu, kulingana na mchezo. Switch iliyorekebishwa mwaka 2019 inadumu kati ya saa 4 na nusu na saa 9. Kwa mtu wa Tokyo, tofauti hiyo ni ndogo, kwani waya uko ukutani muda wote. Kwa familia inayosubiri umeme urudi usiku ili ichaji simu, taa na redio, mashini inayokula moto haraka zaidi ni mzigo kwa nyumba nzima.

Intaneti nayo inahesabiwa. Baadhi ya michezo ya Switch 2 inauzwa katika kadi ambayo ndani yake mna ufunguo tu. Mnunuzi anaiingiza, kisha analazimika kupakua mchezo wenyewe kabla ya kucheza. Street Fighter 6, kwa mfano, inauzwa hivyo, na ni karibu gigabaiti 50. Anayenunua megabaiti kwa siku au kwa juma anajua maana ya tarakimu hiyo. Kwake, zawadi ya namna hiyo inaweza kukaa mezani miezi bila kuchezwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mkaaji wa Kivu hahitaji kuelezwa na mgeni. Vifaa vya elektroniki vinatumia tantali, na tantali hutoka katika koltani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba machimbo ya Rubaya, huko Masisi, yanatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Tangu 2024 yako mikononi mwa waasi wa M23. Hakuna mnunuzi anayeweza kutazama sanduku dukani na kujua jiwe lilitoka shimo gani. Lakini mashini iliyo tayari mkononi, madini yake yamekwisha kuchimbwa. Kuitunza hakudai chochote kipya kutoka chini ya ardhi.

Hayo hayana maana kwamba kijana wa Goma hastahili kitu kipya. Ambaye mashini yake imekufa kabisa, ambaye ana umeme wa jua na intaneti ya kutosha nyumbani, na ambaye ndugu zake wanaweza kulipa bila kujibana, anunue kwa amani. Ila kwa walio wengi, Switch ya zamani bado ina kazi. Vijiti vyake vikianza kuyumba, ugonjwa unaojulikana sana wa mashini hiyo, fundi anaweza kuvibadilisha, na vipuri vyake ni vidogo na vyepesi kutumwa.

Basi kabla ya kumwandikia mjomba, kijana akae na wazazi wake waandike yote kwenye karatasi: mashini, mchezo, kadi, megabaiti, umeme. Kando yake waandike minervali ya muhula ujao. Kama baada ya hapo pesa bado zinatosha, aombe. Kama hazitoshi, aombe vijiti vipya na mchezo mmoja ambao hajaucheza. Mjomba atapumua, na mashini ya zamani itaendelea kufanya kazi.