Mwalimu wa Hesabu Si Mwanasaikolojia, Tuache Kudanganyana

Wasee, leo sina vichekesho. Kaeni nami dakika tano hivi, mkimaliza mnaweza kunitukana.

Wiki jana dadangu, binti ya shangazi, alipita kwetu Jumamosi jioni akiwa amechoka kama mtu ametoka mjengo. Yeye ni mwalimu wa sekondari, Kiswahili na Dini. Jumatatu hadi Ijumaa anafunza, Jumamosi anapanda matatu kwenda chuo kusomea masta ya saikolojia ya elimu. Anataka kuwa mwanasaikolojia wa shule. Nikamuuliza, "Sasa ukimaliza, TSC itakuandika kama nani?"

Akacheka. "Kama mwalimu wa Kiswahili na Dini, we mtoto. Kwani mimi ni nani?"

Mimi sikucheka. Manze, hiyo jibu imenikaa kichwani wiki nzima.

Najua kuna mtu tayari anasema: wewe uliacha chuo mwaka wa pili, masta za watu zinakuhusu nini? Zinanihusu hivi.

Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa na rafiki tuliyekaa dawati moja. Msee mkali wa Hesabu, mcheshi. Muhula wa pili akaanza kunyamaza. Chakula hali, prep analala, akiulizwa anasema "niko sawa tu". Usiku mmoja akaniambia kitu kuhusu nyumbani kwao ambacho sitakiandika hapa. Nikaogopa. Nikafanya kile tulikuwa tumeambiwa tufanye: nikaenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Mwalimu huyo alikuwa anafunza Hesabu madarasa manne, na yeye ndiye pia alikuwa msimamizi wa nidhamu. Yaani asubuhi anakuadhibu, jioni unamfungulia roho.

Alimuita. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na wengine walikuwa nje wakingoja kuadhibiwa. Akamwombea, akamwambia ajitie bidii na asimwangushe mama yake. Kufikia wiki iliyofuata, stori ilikuwa imefika kwa walimu wote, halafu madarasani. Rafiki yangu alienda midterm na hakurudi. KCSE hakufanya. Siku hizi ako Rongai, anatengeneza pikipiki. Tukikutana tunasalimiana poa. Hajawahi kunilaumu, lakini mimi najua ni nani alimpeleka kwa hiyo ofisi.

Na sikilizeni, simchukii yule mwalimu. Alipewa kazi ambayo hakuna mtu alimfunza. Ukimpa dereva wa matatu ndege airushe, ikianguka utamlaumu nani?

Hebu tuangalie hii maneno ilitoka wapi. Ushauri nasaha uko kwa shule zetu tangu miaka ya 1970. Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa kwa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku kiboko shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia: mwanafunzi asiteswe, si kimwili, si kisaikolojia. Poa kabisa. Lakini tulipoondoa kiboko tuliweka nini mahali pake? Tuliweka kibandiko mlangoni kimeandikwa "Ushauri Nasaha" na mwalimu aliye na vipindi vingine vya kufunza. Mwaka wa 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa, na tukarudi kuulizana mbona watoto wana hasira. Sisemi mwanasaikolojia angezuia kila moto. Nasema tulikuwa na miaka 15 ya kuwaweka na hatukuwaweka.

Sasa, hii kazi inasomewa vipi mahali inachukuliwa kwa uzito? Chukua Marekani. Ukimaliza digrii ya kwanza unaongeza masomo ya angalau krediti 60, kwa kawaida miaka mitatu. Unasoma jinsi mtoto anakua, jinsi ya kupima kama ana shida ya kusoma au ya kumakinika, jinsi ya kukaa na mtoto aliyefiwa, jinsi ya kusaidia mwalimu aliyeshindwa na darasa. Halafu kuna saa 1,200 za kufanya kazi chini ya msimamizi, na angalau 600 ziwe ndani ya shule. Chama chao, NASP, kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500, na hata wao sehemu nyingi hawafikishi.

Lakini kitu kilichonishtua ni hiki: hao watu hawakuongezeka kwa sababu vyuo vilitangaza kozi vizuri. Mwaka wa 1975 Marekani ilipitisha sheria kwamba kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kupimwa na kufundishwa inavyomfaa. Shule zikalazimika kutafuta watu wa kupima. Kazi ikawepo, wanafunzi wakajaa vyuoni. Sheria, kisha kazi, kisha masomo.

Sisi tumeshika mkia wa ng'ombe tukidhani ni pembe. Masomo tunayo! Kenyatta, Moi, Maseno, Egerton, vyote vinafunza saikolojia ya elimu au ushauri nasaha hadi uzamili. Hata sheria ya washauri na wanasaikolojia tunayo, ya 2014, inayotaka anayefanya kazi hiyo asajiliwe. Kile hatuna ni kiti. Hakuna kiti shuleni ambacho mtu wa masta hiyo anakalia na kulipwa kwa hiyo kazi.

Ndio maana dadangu anajilipia karo kutoka mshahara wa mwalimu. Mafunzo ya vitendo alijitafutia mwenyewe, shule kwa shule, kama mtu anauza mitumba. Moja ikamkubali, halafu wiki ya kwanza wakamwambia asimamie mtihani kwa sababu walimu hawatoshi. Na muda mwingi chuoni anapigana na tasnifu: sura ya kwanza irudiwe, sura ya pili irudiwe. Akaniambia, "Nitamaliza nikijua kuandika utafiti kuhusu watoto kuliko kukaa na mtoto." Ukimwambia mtu asomee kazi ambayo haipo, hata chuo chenyewe hakitajikaza kumfunza kuifanya.

Kuna wale watasema, "Sisi tulisoma bila hao watu na tukatoka sawa." Hebu angalia wazazi wetu vizuri, halafu urudie hiyo sentensi polepole.

Wengine watasema walimu wapewe semina ya wiki moja, inatosha. Semina si mbaya. Mwalimu akijua dalili za mtoto aliyezama, atamtuma mapema kwa mtu anayefaa. Shida ni huyo mtu hayuko. Tena hata mwalimu asome aje, hawezi kuwa anayekusahihisha, anayekuadhibu na anayetunza siri yako, wote kwa shati moja. Ni vazi gani hilo?

Halafu kuna hii ya "serikali haina pesa". Sawa, tusianze na kila shule. Kenya ina wadi 1,450. Anzeni na mmoja kwa kila wadi, azunguke shule za hapo, awe na siku yake kila shule, mlango unaofungwa, na asiwe na somo hata moja la kufunza. Afanye kazi na vituo vya EARC, ambavyo tangu 1984 vinapima watoto wenye ulemavu. TSC imuandike kwa jina la kazi yake. Na wanaosomea uzamili wawe chini yao kwa mafunzo, walipwe hata posho ya nauli. Mkiwa na viti 1,450, mtaona kama madarasa ya masta yatakosa watu.

Na haraka iko. Watoto wa Gredi 9 sasa wanaambiwa wachague njia yao ya senior school: sayansi, jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kama 15. Anayemwelekeza ni nani? Ni yule yule mwalimu wa Hesabu, ambaye bado ana daftari za kusahihisha.

Mimi niliacha chuo, na sababu zangu si za leo. Lakini nitasema hivi: sijui kama mtu aliyesoma angembakisha rafiki yangu shuleni. Labda angeondoka tu. Angalau angeondoka siri yake ikiwa bado ni yake.

Jumamosi hii dadangu atapanda tena matatu ya saa kumi na mbili asubuhi. Mbunge wako akija na hundi ya basari mkipiga picha, muulize swali moja tu: huyu wa masta, akimaliza, atakaa wapi? Akianza na "tunaangazia hilo suala", mrekodi unitumie.