Mastaa, mizigo yenu msimtwishe binti wa watu!

Haya wadau, ile habari ya nyumba ya Mbagala sasa imekuwa wimbo wa mjini. Magari ya vioo vyeusi yanapanga foleni kwenye kichochoro ambacho hata bajaji inapita kwa kubana pumzi, na wanaoshuka ni sura zile zile mnazoziona kwenye runinga. Majina yanahifadhiwa. Wenyewe wanajijua.

Kinachowapeleka ni hiki. Ukoo ule unasemekana una mkoba wa kurithi. Bibi aliupokea kwa mama yake, na alipofariki ukawaruka watoto wake wote, ukamshukia mjukuu. Kazi yake si kupiga ramli wala kuchanja. Mteja anafunikwa shuka moja na binti, ubani unafukizwa, anamshika mikono na kusema yote yanayomsumbua. Akimaliza anatoka mwepesi. Binti ndiye anayebaki nayo. Anatetemeka, anatapika, kesho yake hainuki kitandani. Pale nyumbani wanamwita "kiti".

Kiti kina miaka 16. Alikuwa kidato cha pili. Sketi yake ya shule sasa anavaa mdogo wake.

Na waliokikalia hicho kiti ni nani? Staa wa filamu aliyekimbiwa na mume. Msanii wa Bongo Fleva ambaye ngoma zake tatu zimebuma mfululizo. Mdada wa Insta mwenye duka la nguo, eti anaandamwa na kijicho cha mashosti.

Hapa hakuna anayeponda tiba asili. Watu wa Pwani wamekulia humo. Muhimbili wanafanya utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka Baraza la kusajili waganga. Waliopigwa marufuku Januari 2015 ni wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kwa hiyo ile ya "mnadharau mila" ikae pembeni kwanza.

Tuseme mambo ya ile nyumba ni uongo. Basi mtoto kaachishwa shule ili aigize ugonjwa, watu wapate hela.

Tuseme ni kweli. Ndiyo mbaya zaidi! Maana yake staa mzima, mwenye nyumba na dereva, kachukua machungu ya talaka yake akamwekea mtoto kifuani. Yeye kalala fofofo Mbezi Beach, mtoto wa mwenzie analia Mbagala kwa ndoa ambayo hata kuolewa hajaolewa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nyie mmewazidi wahenga, mzigo wenu wenyewe mmeugeuza usufi kwa kumtwisha mwingine!

Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia Samunge kwa Babu wa Loliondo. Watu wakalala barabarani, wakabishana kama kikombe kinaponya au hakiponyi. Lakini yule alikuwa mchungaji mstaafu, mtu mzima, kaingia kwenye kazi ile kwa akili yake, na kikombe kilikuwa shilingi 500. Huyu binti nani alimuuliza?

Na wajomba na mashangazi msijifiche nyuma ya mizimu. Mkoba wenu una maajabu yake. Maumivu yanashuka kwa mdogo, bahasha zinapanda kwa wakubwa. Mjomba kashajenga fremu mbili na bodaboda kanunua. Hivi ni mizimu gani inajua kugawa namna hiyo? Kama mkoba ni wa ukoo, mbona hakuna hata siku moja mjomba akajifunika shuka?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Ana haki ya kusoma, haruhusiwi kufanyishwa kazi ya kumdhuru, wala kazi ya usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sheria haijasema "isipokuwa wenye mkoba". Na wageni wa ile nyumba wanafika saa ngapi? Majirani wanajua, maana taa za magari zinawamulika vitandani.

Majirani hao hao wana simu. Namba ya kumsaidia mtoto ni 116, bure, haihitaji salio.

Na mastaa, ukiachwa, lia. Mjini hapa nani hajaachwa? Ngoma ikibuma, rudi studio. Una mashosti wenye husda, badilisha mashosti. Hayo ni machungu yako, yana jina lako, na wewe una umri wa kuyabeba. Yule binti ana mtihani wa kidato cha pili.

Wadau, mnasemaje?