Ile mistari miwili ni umbali jamani!

Leo sina stori za bumu. Nina ugomvi na desa linalozunguka hapa chuoni. Linasema hivi: ukikuta modulasi na alama ya ndogo-kuliko, "bana", ukikuta kubwa-kuliko, "tawanya". Basi! Mtu anameza hivyo hivyo, anaingia kwenye pepa, anatoka na sapu.

Ile mistari miwili, aliyoianzisha Mjerumani Karl Weierstrass mwaka 1841, inauliza kitu kimoja tu: mbali kiasi gani? Shule ya msingi tulijua umbali vizuri, kwa Kiswahili. Tukafika Form One, lugha ikageuka Kiingereza, na wengi wetu hakuna aliyetuambia kwamba hiki ni kile kile cha zamani. Hapo ndipo kukariri kulipoanzia.

Chukua Mtaa wa Msimbazi. Sifuri iwe kituo cha mwendokasi cha Msimbazi Polisi, upande wa Gerezani ni chanya, upande wa Fire ni hasi. Duka haliko mbali kuliko mita 200 kutoka kituoni: |x| ≤ 200. Utalitafuta popote kati ya −200 na 200, kipande kimoja. Likiwa mbali kuliko mita 200, liko huku AU kule: x > 200 au x < −200. Sasa watu wanaandika 200 < x < −200! Yaani duka moja liko upande wa Gerezani na upande wa Fire kwa wakati mmoja. Hata machinga wa Mtaa wa Kongo, pamoja na mbio zake zote, hawezi.

|2x − 6| ≤ 4 nayo inatisha bure. Toa 2 nje, gawanya, inabaki |x − 3| ≤ 2. Namba zisizozidi hatua mbili kutoka 3. Kuanzia 1 hadi 5, kwisha.

Eti "formula inatosha, tunataka kupita tu". Nyie mnaosoma uhasibu mtakuja kukagua stoo za watu. Mizani ikikosea, swali ni imekosea kwa kiasi gani, juu au chini. Wakala wa Vipimo kazi yao ndiyo hiyo. Ni modulasi tupu!

Na |x| < −5? Desa linasema bana, mtu anabana nusu saa nzima. Umbali hauwi hasi bwana, jibu hakuna, nenda swali linalofuata.

Watetezi wa desa, |x| > −5 je? Tawanyeni basi tuone.