Hila ya Jicho katika Hukumu ya Sikio

Upo ubishi ambao wenye elimu huupuuza, ilhali una mafunzo makubwa ndani yake: ubishi wa wapenzi wa muziki juu ya vyombo vya sauti vya nyumbani. Upande mmoja husema kuwa kila badiliko dogo husikika: waya wa shaba ukipokewa na waya wa fedha, swichi ikigeuzwa, amplifaya ikisimamishwa juu ya vijiguu vya mpingo, muziki hufunguka kama dirisha. Upande wa pili hucheka, ukasema kuwa yote hayo ni ndoto za wenye fedha. Pande zote mbili zimekosa, walakini makosa yao hayalingani. Kosa la kwanza ni kubwa zaidi, kwa kuwa limevaa joho la ushahidi.

Mtu asemaye amesikia ni shahidi, na shahidi hana budi kuulizwa. Je, alijua ni waya upi uliokuwa ukifanya kazi? Alijua bei yake? Nguvu ya sauti ilikuwa sawa kabla na baada ya badiliko? Aghalabu maswali haya matatu huivunja kesi kabla haijaanza kusikizwa.

Sikio lina udhaifu unaojulikana. Sauti mbili zikiwa sawa kwa kila jambo, ila moja ikaizidi nyingine kwa desibeli moja au pungufu, msikilizaji mara nyingi hasemi kuwa ile iliyozidi ina nguvu. Husema kuwa ni safi zaidi, ina uhai, besi yake imejaa. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halipokei besi kwa wepesi ule ule linaopokea sauti za katikati, na kwamba kasoro hiyo hupungua nguvu ya sauti inapoongezwa. Basi abadilishaye chombo bila kusawazisha nguvu ya sauti huenda hakukisikia chombo hata kidogo. Amesikia nguvu, akaiita ubora.

Jicho nalo lina hila yake. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walizihukumu spika zile zile mara mbili: mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Walipoziona, hukumu zao zilifuata walichokiona. Tena, walipoziona, wepesi wao wa kutambua badiliko la kweli, la spika kuhamishwa chumbani, ulipungua. Hapo ndipo penye uzito. Jicho halikuwasikizisha visivyokuwapo tu. Liliwaziba masikio wasisikie vilivyokuwapo.

Dawa ya maradhi haya si ghali. Nguvu ya sauti ipimwe kwa voltimita penye spika, isitofautiane zaidi ya asilimia 1. Rafiki arushe sarafu, na kwa amri ya sarafu achague waya huu au ule pasipo kuonekana. Msikilizaji aandike alichosikia, na zoezi lirudiwe mara 10. Mwenye kubahatisha atapata, kwa wastani, 5. Kupata 9 au zaidi kwa bahati tupu hutokea mara 11 tu katika 1,024. Basi afikaye hapo amejenga hoja, na wanaocheka hawana budi kunyamaza.

Wenye mazoea ya waya hulikataa jaribio hili kwa visingizio viwili. Cha kwanza ni kwamba mtihani humtia mtu wasiwasi, na wasiwasi huua usikivu. Naam, na afanye nyumbani kwake, kwa santuri zake, kwa muda wa mwezi mzima apendapo. Sharti ni moja tu, asijue kilichowekwa. Cha pili ni kwamba sayansi haiwezi kupima kila kitu. Jibu lake ni kwamba jaribio hili halimpimi mtu kwa mashine. Voltimita huondoa ulaghai wa nguvu, kisha hukaa kando. Hukumu yote huachiwa sikio, nalo hunyang'anywa kitu kimoja tu, yaani jicho. Asemaye kuwa huamini masikio yake, kisha akakataa kuyaachia peke yake, hajayaamini kamwe. Ameamini macho yake, lebo na risiti ya dukani.

Haki yataka yatajwe pia yale yanayowatetea. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha majaribio 554 ya kulinganisha sauti ya daraja la juu na sauti hiyo hiyo iliyopunguzwa hadi kiwango cha sidii ya kawaida. Waliopatia walikuwa 276, chini kidogo ya nusu, sawa na sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500 juu ya suala kama hilo, akaona kuwa waliopatia walikuwa asilimia 52.3, na waliofunzwa walifanya vizuri zaidi. Basi tofauti huenda ipo. Lakini tofauti ipatikanayo mara 52 katika 100 si dirisha lililofunguka. Ni ufa ambao hautambuliwi ila kwa majaribio maelfu. Anayeuita mafuriko ya nuru amepotosha lugha pamoja na sauti.

Wachekao nao wasijisifu. Yapo marekebisho madogo yenye athari kubwa, na mengi kati yake hayagharimu senti. Spika ikisogezwa kwenye pembe ya chumba, besi huvimba. Nyaya za spika moja zikigeuzwa, chanya mahali pa hasi, besi hunyauka na sauti ya mwimbaji hupoteza makao yake kati ya spika mbili. Sindano ikilemewa pungufu ya kiasi, hurukaruka ndani ya mfereji na kuukwaruza. Mambo haya hayahitaji imani. Yafiche nyuma ya pazia, sikio litayakamata vivyo hivyo.

Iwapo jambo hili lingehusu mifuko ya wanunuzi peke yake, lingeachiwa sokoni. Lakini wanafunzi wa Kiswahili nao husikiliza kwa vyombo vya namna hii, na wengine huandika tasnifu juu ya walichosikia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya HMV. Santuri za siku zile huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini si zote zilizorekodiwa kwa kasi hiyo barabara. Santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 80 ikichezwa kwa 78, wimbo wa dakika tatu hurefuka kwa karibu sekunde 5, na sauti yote hushuka karibu robo toni. Kasi ikikosewa kwa asilimia 6, sauti hupotoka kwa nusu toni nzima. Sindano ya santuri za plastiki za baadaye nayo ni nyembamba mno kwa mifereji ile mipana; huzama chini, ikasoma vumbi na mikwaruzo. Mtafiti asiyejua hayo ataandika kuwa mwimbaji alikuwa na sauti nzito, au kwamba matamshi yake yalififia, naye atakuwa ameeleza mashine iliyo mezani pake.

Hapo msiba hukamilika: mtu hununua waya wa bei ya ng'ombe, akauacha mzunguko wa santuri ukikosea bila kuupima. Ameshughulika na lisilosikika, ameliacha linalosikika, na jina la marehemu asiyeweza kujitetea ndilo linalolipa gharama.

Elimu haimkatazi mtu kupenda chombo kizuri wala kukitazama kwa furaha. Raha ya mtu nyumbani mwake haihitaji hati. Lakini raha ikitoka sebuleni ikaingia darasani, au ikamwambia jirani atoe fedha zake, imekuwa dai, na dai huthibitishwa. Aliye na hakika na sikio lake na afumbe macho, ahesabu, kisha aseme. Asiyekubali kufumba macho atunze raha yake, ila asiiite ushahidi.