Injini Kuukuu Isiuzwe kwa Kilo

Tarehe 20 Februari 1962 Bwana John Glenn wa Marekani aliizunguka dunia mara tatu, na kituo cha Tunguu, Unguja, kilikuwa mojawapo ya vituo vilivyosikiliza sauti yake. (Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964.) Roketi yake, Atlas, ilikuwa na injini mbili ndogo ubavuni, mbali na zile kubwa. Kazi yao ilikuwa ya usukani: kuizuia roketi isizunguke kama pia. Kila moja yasukuma kwa nguvu ya kilo 450 hivi, nayo mtu mmoja aweza kuibeba.

Roketi za namna ile zilipoachwa, injini ndogo zilizobaki ziliuzwa. Raia wapenda roketi wakazinunua, wakazifungua, wakaziwasha tena kwa mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika.

Sisi Singida hatuombi roketi, na atakayechanganya vitu hivyo nyuma ya bweni astahili adhabu. Walakini nyuma ya stoo yetu iko injini ya dizeli iliyokuwa ikivuta maji kisimani, na twasikia itauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Najua mali ya Serikali ina taratibu zake, na fedha yahitajika. Lakini fedha ile itakwisha kwa mifuko michache ya saruji, nasi Kidato cha Nne twachora pistoni ubaoni bila kuishika. Wazazi wenye mashine za kukamua alizeti waijua tofauti ya mchoro na chuma.

Naiomba Bodi ya Shule iiache mpaka muhula ujao, tuifungue mbele ya mwalimu wa fizikia. Mnunuzi ataikuta na uzito uleule.