Kesho ya kupangia
Na Yohana Bitagwa

Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya ya Kichwamaji mwaka 1974, alituletea Kazimoto, msomi anayehoji maana ya maisha mpaka anajitoa uhai. Wengi tukabaki tukidhani utupu ule ni ugonjwa wa waliosoma sana. Huku Kasulu, mkoani Kigoma, utupu huo unampata mtu hata kama hajawahi kufungua riwaya.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Aliyezaliwa humo mwanzoni sasa ana watoto, nao wamezaliwa humo humo. Kutoka bila kibali ni kosa kisheria. Mkimbizi haruhusiwi kulima shamba wala kuajiriwa. Kijana akimaliza shule anarudi kukaa nje ya nyumba ya tofali za udongo, akisubiri siku ya posho: unga, mbaazi, mafuta, chumvi. Mwaka 2023 posho yenyewe ikakatwa mpaka nusu, fedha za wafadhili zilipopungua.

Pembeni ya nyumba hizo utaona mchicha umepandwa kwenye gunia la udongo. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu hivi. Aliyeupanda bado ana imani na wiki tatu zijazo. Miaka mitatu ijayo ndiyo hathubutu kuiwazia. Baadhi ya wanafalsafa wa Ulaya walisema maana ilipotea imani ya Mungu ilipofifia. Nyarugusu watu wanasali kwa bidii, na bado vijana wanakata tamaa, kwa sababu wamezuiwa kupanga maisha yao.

Siwasahau wenyeji. Watu wa Makere, jirani na kambi, wameona misitu yao ikiishia kwenye kuni, na hofu yao juu ya usalama ni ya kweli. Lakini nchi hii hii iliwapa ardhi Warundi waliokimbia mwaka 1972, kule Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakajilisha, wakauza mahindi na tumbaku, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Hao walipanda hata miembe, miti inayotaka miaka kabla ya kuzaa.

Sheria ya Wakimbizi, inayowabana kambini, ilipitishwa na Bunge mwaka 1998, na Bunge linaweza kuirekebisha. Wabunge wa Kasulu na Kibondo wanaijua hali hii kuliko wenzao. Waanze na kibali cha kulima, kisha warudishe soko la pamoja kama lililokuwa kwenye kambi ya Nduta, ambako mwenyeji Muha wa Kibondo alimuuzia mkimbizi ndizi naye akanunua kwake.